Foni Inayougua Jua

Wadogo zangu wa biro, ofisi yetu ya masafa ya redio, Ijumaa ile mliponiaga mlinipa kitenge kizuri na saa ya ukutani, kisha Papa Direkta akasoma hotuba. Alisema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi hakuna rapoti yangu hata moja iliyowahi kukanushwa. Mlipiga makofi. Mimi niliinama nikatazama soda yangu, maana sikutaka kuwaharibia watu chakula kabla hakijaliwa. Sasa chakula kimeliwa. Rapoti yangu moja ilikanushwa, na aliyeikanusha ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ile ya kwanza bado imo kabatini mwetu, ina sahihi yangu na kashe, yaani muhuri wa biro. Ya pili haimo. Wiki yangu ya mwisho niliitafuta faili kwa faili, haimo. Basi naiandika upya hapa, na kwa kuwa sina tena mkubwa wa kunikataza, nitaiandika kwa urefu ninaoutaka.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Anayetaka kujua nilipanda lini na nikashushwa lini akawaulize wengine, wapo wanaopenda kuyakumbuka kuliko mimi.

Siku yangu ya kwanza mlinzi wa mlangoni alinielekeza jikoni. Nilikuwa na diploma ya redio kwenye bahasha, nimevaa viatu vya kuazima, na yeye akaona mwanamke tu, akaninyooshea kidole upande wa masufuria. Sikubishana naye. Nilipita jikoni, nikatokea mlango wa nyuma, nikamkuta mzee mfupi mwenye kofia ya sufu akifungua redio mbovu kwa kisu cha mezani. Huyo ndiye Papa Zakaria. Alikuwa amefanya kazi ya foni, redio za kuitana, kwenye reli tangu ujana wake, na biro ilimchukua kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine hapa Kalemie, mji wetu wa ziwani, aliyejua mambo haya bila kusoma kwanza kitabu.

Akaniuliza, "Unajua kusikiliza?"

"Nina diploma, Papa."

"Diploma sikuuliza. Nimeuliza kusikiliza."

Akanipa redio ndogo ya mfukoni, mfuniko wake wa betri umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaniambia nizunguke soko lote, nisiweke kwenye stesheni yoyote, niweke katikati ya stesheni, kisha nirudi nimwambie nimesikia nini. Nilirudi nikasema nimesikia kelele tu. "Kelele ya nini?" Sikujua. Akanirudisha. Nilizunguka siku tatu, wauza mihogo wakaanza kunionea huruma, wakidhani nimechanganyikiwa. Siku ya tatu niliweza kutofautisha kelele ya mashine ya kuchomelea vyuma, ya chaja za simu, na ya jenereta ya kinu cha unga. Kila kitu cha umeme kina sauti yake, na redio rahisi inazisikia zote kwa kuwa haina adabu ya kuchagua.

Kisha akanifundisha jambo la pili. Ndani ya redio ile mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya. Ukigeuza redio taratibu mkononi, kuna mahali kelele inapungua ghafla. Hapo ncha ya kijiti inatazama kule kelele inakotoka. "Pale inaponyamaza," alisema Papa Zakaria, "ndiko mwizi aliko." Wengi hukimbilia inapopiga kelele zaidi. Hao hupotea.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini huenda karatasi hii ikasomwa na mtu wa nje. Hewani kila mtu amekatiwa shamba lake: ndege hapa, foni za ziwani pale, simu kule, redio za muziki na za mahubiri upande wao. Kazi yetu ni kuzuia mmoja asilime kwa mwenzake. Wakati mwingine anayevuka mpaka hajui kama amevuka. Kulikuwa na mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliyeleta kifaa cha kuvuta netwaki, akakiweka juu ya duka. Yeye akawa anaongea vizuri sana, na simu za mtaa mzima zikafa. Tulipomchomolea waya aliuliza, "Sasa mimi nitaongeaje?" Nikamwambia, kama jirani zako.

Baadaye tulipata mashine ya kupimia, ile yenye kioo kinachochora milima na mabonde ya mawimbi. Ilifika katika sanduku la mbao, na ilikuwa imetengenezwa na watu wa nchi za baridi. Ukiiweka juani robo saa inaandika onyo kwenye kioo, kisha inajizima. Ilituzimikia siku tuliyokuwa na wageni wa kutoka Kinshasa, wote wamesimama na kalamu mkononi. Tangu siku hiyo Papa Zakaria aliweka sheria: mashine haipendi jua, tunapima asubuhi. Aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko wake. Alipostaafu, na hata alipofariki, maandishi yale yalibaki. Kwa miaka mingi hakuna aliyepima kitu chochote Kalemie baada ya saa tatu. Nami niliwafundisha ninyi hivyo hivyo, mkaandika kwenye madaftari yenu. Chukueni kalamu mkafute.

Miaka michache kabla sijastaafu, kampuni moja ya simu ilisimamisha mnara kwenye kilima kidogo nyuma ya bandari. Sitaitaja, jina lake halibadilishi kitu. Ulikuwa mnara wa kisasa, hauna jenereta, una sola. Paneli zake zilipangwa chini yake kama meza za shule, watu wakaenda kupigia picha pale. Na chini ya kilima hicho, hatua kama mia mbili, kiko kibanda cha foni.

Foni ni ile redio ya kuitana: unabonyeza unasema, unaachia unasikia. Simu inafika karibu na pwani tu. Ukishaingia ndani ya ziwa kwenda Zongwe, kijiji cha kusini kisicho na netwaki, simu inakuwa tochi. Kwa hiyo kila boti kubwa ina foni yake, na betri ya gari, na waya uliofungwa juu ya mti. Kibandani alikaa Mama Furaha, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito ya kiume. Kila asubuhi saa moja aliita majina ya boti zote, kuanzia za kaskazini kushuka kusini, na mwisho anaita Zongwe, ambako foni iko kituo cha afya. Hakuna anayezungumza mambo yake mpaka Zongwe wajibu. Boti isiyojibu inatafutwa. Na jina la boti halitolewi kwenye mwito mpaka wenye boti wenyewe waje waseme litolewe. Desturi hiyo niliikuta, na haimo kwenye sheria yoyote ya biro.

Mnara ulipoanza kazi haukupita mwezi, Mama Furaha akaja bironi. Alikuwa ameshika kaye, daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Mama Inspekta, foni iko inaugua jua."

"Inaugua nini?"

"Jua. Jua ikiwaka, inaugua. Mawingu ikikuja, inapona. Njo vile, nimeandika yote."

Nilicheka. Naandika neno hilo hapa kwa sababu ni la kweli: nilicheka, na mwenzangu wa meza ya pili akacheka nami. Nilimweleza kwa upole wa mtu mwenye diploma kwamba ni radi na dhoruba zinazosumbua foni, jua halina ugomvi nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi mukuje mupime." Kaye yake sikuifungua.

Tulikwenda. Tulikwenda asubuhi, kwa kuwa ndivyo kazi inavyofanywa. Mashine ilichora milima ya mnara mahali inapopaswa kuwa, na kwenye masafa ya foni palikuwa tambarare. Mama Furaha alifungua foni yake, na sauti ilitoka safi. Akaja tena bironi, tukaenda tena asubuhi. Akaja mara ya tatu, na mara ya tatu Papa Direkta akaniambia nimalize jambo hili, watu wa Kampuni wameshaanza kulalamika kwamba tunawachafulia jina. Nikaandika rapoti. Nakumbuka sentensi yake kwa moyo: mnara wa bandari hauingiliani kwa namna yoyote na huduma ya foni ya ziwa. Nikatia sahihi, Papa Direkta akapiga kashe.

Wiki tatu baada ya hapo, boti ya Kabwe iliondoka Kalemie kwenda Zongwe. Kabwe nilimjua, kila mtu wa bandarini alimjua; alikuwa nahodha asiyependa kelele, akiongea kwenye foni utadhani anaomba samahani. Walikuwa wanne ndani. Saa sita mchana mota ilikufa, na upepo ukaanza kuwasukuma kwenye mawe. Kabwe aliita Kalemie. Zongwe walimsikia vizuri kabisa, lakini siku hiyo boti zao zote zenye mota zilikuwa nje, na zote zilikuwa za kazi ndogo, hazina foni. Wakaanza nao kuita Kalemie wamsaidie. Kalemie haikujibu. Bandarini boti mbili zenye mota nzuri zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamekaa kivulini wanacheza karata. Waliita karibu saa nzima. Boti ilipasuka kwenye mawe. Watu watatu waliogelea wakafika. Kabwe hakufika.

Watu wa Zongwe walisema kweli: tulimsikia sisi tulio mbali, iweje Kalemie wasisikie? Chama cha wenye boti kiliona jibu liko wazi, Mama Furaha alilala au alikwenda sokoni. Na yeye aliposema kwamba foni ilijaa kelele, mtu alitoa karatasi mfukoni akaisoma mbele ya wote. Ilikuwa rapoti yangu. Walimpeleka kwa polisi, wakamfungia siku mbili. Alipotoka, kesi ilikuwa inamngojea, ya kuacha kazi mpaka mtu akafa. Kwa kesi ya namna hiyo mtu anakwenda gerezani kweli, wala si kwa wiki.

Nilimfuata kwake. Nilijiambia nakwenda kumpa pole, lakini nadhani nilikwenda ili aniambie kwamba alilala. Ningeondoka nimepumua. Alikuwa anaosha vyombo uani, hakunipa kiti.

"Mimi sikutoka pale pa kiti," alisema. "Nilikuwa naweka sikio, naweka tena, nasikia shhh, shhh tu, kama mafuta ya kukaanga. Muntu anasema eti nililala. Nililala na mikono juu ya foni?"

"Nilipima mara tatu, Mama Furaha. Mara tatu palikuwa safi."

Aliacha sufuria. "Ulikuja asubui. Mara ya kwanza asubui, mara ya pili asubui, mara ya tatu asubui. Mimi nilikwambia jua. Weye ukakuja asubui."

Akaingia ndani akatoka na ile kaye ya bluu, akaniwekea mikononi ikiwa na maji. Niliifungua nimesimama pale pale. Kila siku alikuwa ameandika saa, na neno moja, safi au kelele, na hali ya hewa. Asubuhi zote, safi. Saa nne, saa tano, saa sita: jua, kelele. Jua, kelele. Mvua, safi. Mawingu, safi. Jua, kelele. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeishia darasa la nne, na ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuifanya mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake saa sita nilikwenda kibandani bila mashine. Nilibeba redio ndogo ya Papa Zakaria, aliyoniachia, bado imefungwa kwa ule mpira wa baiskeli. Niliiwasha katikati ya stesheni, na kelele ikatoka, ile ile ya mafuta ya kukaanga. Nikaigeuza taratibu. Iliponyamaza, kijiti kilikuwa kinatazama kilimani. Nikapanda. Kila hatua kelele ilizidi. Kufika kwenye uzio nikageuza tena, nikizunguka upande mmoja wa uzio na mwingine, na kila mara kijiti kilikataa kutazama mnara. Kilitazama chini ya paneli, kwenye sanduku dogo la kijivu linalopokea umeme wa jua na kuupeleka kwenye betri. Wakati nimesimama pale wingu lilipita. Kelele ikafifia, ikafa. Wingu likaondoka, kelele ikarudi.

Ndipo nilipoelewa, na ningetamani ningeelewa mapema. Antena za mnara zilikuwa hazina kosa, zinalima shambani kwao. Sanduku ndilo lililokuwa bovu, la bei rahisi, na nyaya zake ndefu zilikuwa zinamwaga kelele kwenye shamba la foni kila jua linapopanda. Asubuhi jua likiwa chini, sanduku linasinzia. Na sisi, kwa sababu mashine yetu haipendi jua, tulikuwa tunakwenda saa ile ile ambayo mwizi amelala. Mtu akipanga kwa makusudi hawezi kupanga vizuri hivyo.

Nilimweleza Papa Direkta yote. Aliniacha nimalize, kisha akavuta droo akatoa rapoti ya kwanza.

"Mama Anjela, rapoti njo hii. Iko na sahihi yako, iko na kashe. Unataka tuseme biro ilidanganya?"

"Biro haikudanganya, Papa. Mimi nilipima saa mbaya."

"Njo kitu kimoja, kwa watu wa nje. Watasema kila karatasi yetu ni ya uongo. Watasema huyu muntu alikufa juu yetu."

"Alikufa juu yetu, Papa, kwa sababu yetu."

Alifunga droo. Akaniambia kwamba nisiende tena kwenye mnara ule, na kwamba mambo ya mahakama yana wenyewe. Hakupaza sauti. Nasema hivi kwa haki yake, alikuwa mtu wa adabu, na alikuwa na hofu. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kwenye ua wa Mama Furaha na kaye mkononi, na hofu yake sikuwa na pa kuiweka.

Nilichofanya baadaye sikukifanya kwa siri. Niliandika barua tatu: kwa injenieri wa Kampuni, kwa chama cha wenye boti, kwa ofisi iliyoshika kesi. Niliwaambia waje Alhamisi saa sita kamili, nusu yao kibandani na nusu kilimani. Barua ya nne nilimpelekea Papa Direkta mwenyewe, mezani kwake. Kisha nikaazima maturubai ya boti, mazito, ya kufunikia magunia ya unga.

Alhamisi jua liliwaka ipasavyo, nililishukuru. Mlinzi wa mnara alitazama kadi yangu ya ukaguzi, akatazama maturubai, akauliza kama kuna mvua inakuja. Nikamwambia ndiyo, tunaileta wenyewe. Injenieri wa Kampuni alikuja, kijana mpole wa Lubumbashi mwenye viatu vinavyong'aa. Alinisalimia vizuri, akasema, "Mama, kwa heshima yote, masafa yetu na ya foni yako mbali kabisa. Haiwezekani."

"Najua yako mbali. Shika pembe hii."

Chini, Mama Furaha alikuwa amefungua foni mpaka mwisho wa sauti. Kelele ile ilipanda hadi kilimani kwetu. Wenye boti walikuwa wamekizunguka kibanda, mikono kifuani. Tukavuta turubai la kwanza juu ya paneli, kelele ikapungua. La pili. La tatu. Tulipofunika la mwisho kelele ilikatika kabisa, na sauti ya nesi wa Zongwe ikatoka, ya kuchoka, maana nilimwomba aite bila kukoma tangu saa tano na nusu:

"Kalemie, Kalemie, Zongwe anaita. Kalemie, mnasikia?"

Nikapiga filimbi, tukafunua. Zongwe akamezwa. Tukafunika, Zongwe akarudi. Mara ya tatu injenieri alivua koti akafunika na kufunua mwenyewe, peke yake, mbio kutoka paneli hadi paneli, viatu vimejaa vumbi. Aliposimama alikuwa anahema. "Ni sanduku," alisema. "Ni sanduku letu." Kisha akaniuliza swali ambalo wakubwa zake hawakuliuliza kamwe: "Siku ile, jua lilikuwa kali?"

Nikampa kaye, ukurasa wa siku ya Kabwe. Saa sita, jua, kelele. Aliusoma, akanirudishia kwa mikono miwili.

Jioni ile ile niliandika rapoti ya pili. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilisema rapoti ya kwanza si ya kweli, nikasema kwa nini, nikasema kosa ni langu na la sheria ya asubuhi, na kwamba Mama Furaha alitoa taarifa sahihi mara tatu na biro ikamcheka. Papa Direkta alikataa kupiga kashe. Kashe ilikuwa imefungiwa kwenye droo, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Nikamwambia karatasi itakwenda bila kashe. Nikatia sahihi, injenieri na mwenyekiti wa chama wakatia zao, nami nikaipeleka kwa mguu kila ilikopaswa kufika. Kesi ya Mama Furaha ilifutwa. Injenieri alibadilisha sanduku na kufupisha nyaya kabla wiki haijaisha. Mimi walinihamishia chumba cha makaratasi. Kule nilifurahi, kuna dirisha linalotazama ziwa, na mashine ilipowashinda bado mlikuwa mnakuja kunigongea.

Kumekuwa na watu, wengine wema, walioniambia kwamba ningeweza kumsaidia Mama Furaha polepole, kwa njia ya chini, bila kuaibisha biro. Huenda. Nimefikiri juu ya hilo miaka yote hii, na jibu langu halijabadilika: sijutii hata neno moja la rapoti ya pili. Najutia ya kwanza. Mkitaka kunisamehe kitu, nisameheni hiyo. Ya pili siombi radhi kwa mtu.

Mmoja tu ndiye aliyeniweza. Nilikwenda kwa mjane wa Kabwe, nikamsomea rapoti yote, nikamwambia ni mimi. Alikuwa ananyonyesha. Aliuliza, "Hii ni ya pili?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini hii haikutangulia?" Nilikaa pale mpaka mtoto akalala, kisha nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni neno la kazi. Mashine ifunikeni kwa kitambaa kibichi na mwavuli, itavumilia. Ikizima, ngojeni ipoe, muiwashe tena. Mtu akiwaambia foni yake inaugua jua, au mvua, au siku ya soko, msimfundishe, mwombeni kaye yake. Pimeni saa anayolalamikia yeye. Na kama kesho Kampuni ikisimamisha mnara mwingine, na mtu akawatolea kabatini ile rapoti yangu yenye kashe kama ushahidi kwamba minara haina shida, mwambieni mwenye sahihi ameikana, na kwamba bado yuko hai, anakaa nyuma ya reli, na masikio yake ni mazima. Redio ya Papa Zakaria nimeiacha kwenye droo ya chini ya meza yangu ya zamani. Betri ni mpya.

Jana nilishuka bandarini. Tangu mwaka ule Mama Furaha anafanya mwito mara mbili, asubuhi, na tena saa sita, jua likiwa utosini. Alinipa kiti safari hii. Aliita boti za kaskazini, zikajibu moja moja, akashuka kusini. Kabla ya Zongwe aliita boti ya Kabwe, maana mjane hajaja kusema jina litolewe, na hakuna anayemharakisha. Aliita, akaachia kitufe, akangoja kama anavyongoja boti nyingine yoyote. Hakujibu mtu. Nilisogeza sikio karibu na foni. Haikuwa na kelele hata kidogo.